NCHI IKITIKISIKA, UTASIMAMA WAPI?

Kijana wa Kibondo, kijana wa Kasulu!

Umesikia wazee wakisema, "Mvua ya siku hizi haina adabu." Na dagaa je? Wataalamu wamechunguza Ziwa Tanganyika: maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki kimepungua. Mwaka 2024 dunia nzima ilivunja rekodi ya joto. Moshi mwingi umetoka kwenye viwanda vya mataifa tajiri, lakini jua linachoma hata shamba la maskini!

Sasa sikiliza. Ukame peke yake hauvunji nchi. Mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, watu wakavuka mpaka kuja kwetu. Mwaka 1996 Wakongo wakafika Nyarugusu. Mwaka 2015 kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Je, watu hao walifukuzwa na jua? Hapana! Walifukuzwa na bunduki na chuki. Njaa ni majani makavu; chuki ndiyo kiberiti.

Soma Hosea 4:1-3. Nabii anaonya kwamba uongo, wizi na mauaji vikizidi, hata ardhi huingia msibani, na samaki huisha majini.

Soma pia Mwanzo 41. Misri ilipigwa na njaa miaka 7, lakini haikusambaratika. Kwa nini? Kijana mmoja, Yusufu, mgeni aliyetolewa gerezani, alisema kweli mapema, na akiba ikawekwa.

Labda unasema, "Mimi bwana dini sina, hayo ya walokole." Haya, nijibu: likibaki debe moja la mahindi mtaani, utagawana na jirani au utamshikia panga? Moyo wako ndio utakaoamua. Na moyo huo, nani ataugeuza?

Yesu anaweza! Aliyeokoka kweli kweli hachomi msitu, hakati miti ya chemchemi, hamdhulumu mkimbizi, haweki kinyongo. Anapanda, anaweka akiba, anapatana.

Omba hivi sasa: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe. Ondoa chuki moyoni mwangu. Nifanye Yusufu wa kijiji changu. Amina."

Umeomba? Basi leo hii, kabla jua halijazama, nenda kapatane na uliyekosana naye. Usingoje njaa ikupime!