Mjukuu Wangu, Giza Halina Jirani

Mjukuu wangu, kaa hapa nikuambie neno ukiwa bado na miguu yako miwili.

Nawaona siku hizi mkitoka Dodoma mjini kwa bodaboda, mnaingia mapori ya Chemba, Kondoa na Manyoni kama mnaokwenda sokoni. Huyu anafuata mkaa, yule asali, mwingine anataka picha ya kuwaringishia wenzake kwenye simu. Sikukatazi kutafuta riziki. Ila ujue katika mapori hayo, Swaga Swaga kuna wenyewe, Mkungunero kuna wenyewe, na Rungwa, Kizigo na Muhesi simba walikuwapo kabla ya babu yangu.

Tena hao wenyewe hawasomi mabango ya mpaka. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutawanyika kufuata malisho, na simba yuko nyuma yao. Akiwakosa hao, atawaona mbuzi wako. Akiwakosa mbuzi, atakuona wewe.

Usidhani hizi ni hadithi za kuwalaza watoto. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, wengi wao huko kusini. Wengi hawakuwa wawindaji, mwanangu. Walikuwamo wakulima waliolala shambani msimu wa mavuno kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza nje ya nyumba.

Nasi hapa tuna mtama, tuna uwele, tuna nguruwe pori, na tuna vijana tunaowatuma kulala shambani. Basi nakuomba, usilale chini. Jenga dungu juu ya nguzo imara, mlale wawili, na moto usizimike. Aliyelala wazi amejipakua.

Tena uutazame mwezi. Vijana mnaogopa usiku wa mbalamwezi kwa sababu mnaona vivuli. Mimi nakwambia ogopa siku kumi zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi huchelewa kuchomoza, na jua likishazama tu ni giza tupu. Simba aliyeshindwa kuwinda kwenye mwanga sasa anatoka na njaa yake. Wataalamu waliopitia mamia ya mashambulizi ya simba nchini, tangu 1988 hadi 2009, walikuta ni saa hizo hizo, mapema usiku, ndizo zilizoua watu wengi.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, usiku ukikukuta njiani, omba malazi nyumba ya karibu. Ukilazimika kutembea, tafuta mwenzako, beba tochi, na hivyo vidude vya muziki uvitoe masikioni. Giza halina jirani. Ukiita, nani atakuja?

Na fisi usimcheke. Anayetoka kilabuni akapitiwa na usingizi njiani, fisi humwendea usoni. Nakuomba, ukinywa, nywea karibu na kitanda chako.

Sasa sikiliza vizuri. Ukikutana na simba, usikimbie. Narudia, usikimbie. Humwezi kwa mbio, na ukigeuka tu umeshamwambia wewe ni kitoweo. Mguu ukikimbia, jino hufuata. Simama wima, umwelekee. Mtoto mdogo mnyanyue. Inua fimbo, tandaza shuka lako uonekane mkubwa, piga kelele, kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Ukiona ana watoto, mwachie njia yote. Chui naye, usimkodolee macho wala usikimbilie mtini, maana mtini ndiko kwake. Akikurukia, usijilaze. Pigana kwa jiwe, panga, chochote kilicho mkononi.

Zizi nalo lisikupite. Wengi mnatupa miiba ovyo, kisha mnashangaa mbuzi kwenda. Tawi la mgunga la kufungia mlango linavutwa toka ndani. Shina lielekee ndani, miiba itokeze nje, ili mnyama akilivuta limchome. Pita ukilikagua kila jioni jua halijazama. Tundu linalopitisha kichwa cha mbuzi siku moja litapitisha kichwa cha fisi.

Mtu aking'atwa au kuparurwa na mnyama, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbizeni hospitali. Mnyama huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na kichaa kikishaanza hakina dawa. Chanjo ya mapema ndiyo inayookoa. Usingoje kidonda kipone kwanza.

La mwisho, nalisema kwa uchungu. Mnyama akiua ng'ombe wako, usipake mzoga sumu. Sumu haichagui kinywa. Watakufa tai, watakufa mbwa wako, na akipita mwenye njaa akakata nyama ile, umeua mtu. Wala msimfuate simba porini kwa mikuki na hasira, maana simba aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mwenye njaa. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, aite askari wa wanyamapori wenye bunduki. Serikali ina kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa aliyefiwa. Ni haki yako, kadai. Lakini hakuna fedha iliyowahi kumrudisha mtu nyumbani.

Mjukuu wangu, nakuomba kwa mara nyingine: usitembee peke yako usiku, usilale chini, usikimbie. Ukishayashika haya matatu, wafundishe wadogo zako, maana wao wanafuata nyayo zako, si maneno yangu.