Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Nkoroi

 

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa, ambaye kazi imemhamisha akakaa Nkoroi, katika Kaunti ya Kajiado, mtu atokapo Ongata Rongai kuelekea Kiserian. Asema kwamba ana kijana wa miaka 22 aliyekuwa hodari wa mpira, na mpira huo ndio uliokuwa ukimpa riziki yake na ada ya wadogo zake. Mwaka jana goti lilimpinduka uwanjani, kano zikakatika, na baada ya kupasuliwa mara mbili daktari akamwambia kuwa mpira wa mashindano ndio basi. Tangu siku hiyo kijana amejifungia chumbani. Mchana hulala, usiku huangalia picha za mechi zake za zamani, na Ijumaa haendi msikitini kwa kuona haya kuchechemea mbele ya watu. Mama yake amekwisha kusadiki kwamba wenziwe wamemroga kwa husuda, na mganga ameshataka beberu mweusi na shilingi elfu arobaini.

Baba mtu auliza: Je, hii ni adhabu kwa kuwa mwanawe aliupenda mno mchezo? Je, ni uchawi? Na ikiwa si hili wala lile, mtu kama huyu aanze wapi?

Twajua kwamba wako wenzetu watakaolijibu swali la kwanza upesi upesi. Watasema mpira ni upuuzi, na aliyeumia katika upuuzi amejitakia. Sisi hatusemi hivyo. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, mara moja akashindwa na mara nyingine akashinda, alipigana mieleka na Rukana, na farasi walishindanishwa Madina naye akiwapo. Mwili wenye nguvu ni amana na ni neema, na kijana aliyeutumia kuwalisha wadogo zake badala ya kuupeleka katika bangi na heroini, ambazo sote twaona zinavyotumalizia vijana wa pwani, hakufanya upuuzi. Ambaye hakupata kumlipia mdogo wake ada hata muhula mmoja asimcheke.

Basi kwa nini avunjike? Bwana Mtume alikuwa na ngamia jike, jina lake Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa na ngamia yeyote. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uchungu, hata uchungu wao ukadhihiri nyusoni. Naye Bwana Mtume akawafahamisha kuwa ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoipanga dunia, kila kilichopanda ndani yake kitashushwa. Hakumlaumu ngamia, wala hakuuliza nani amemfanya nini. Na tutazame pia kwamba hakuwakemea Masahaba kwa kuona uchungu. Uchungu wa kijana huyu ni uchungu wa haki. Asiambiwe kwamba kitu alichopoteza kilikuwa kidogo.

Kwa kuwa ndugu yetu anakaa Kajiado, tutamtolea mfano wa mtu ambaye khabari zake zimefungamana na kaunti hiyo hiyo. Si mtu wa dini yetu, lakini somo huchukuliwa popote lipatikanapo. Mtu huyo ni David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, ambaye baba yake, mzee Daniel, alileta medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti kutoka Mexico mwaka 1968. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiongoza tangu mwanzo bila ya mtu wa kumvuta. Yasemwa kuwa hata yule aliyekuwa wa mwisho katika fainali ile alikwenda kwa mwendo ambao ungalimpa dhahabu ya Olimpiki ya Beijing miaka 4 kabla. Mwaka 2016 Rudisha akachukua dhahabu ya pili, huko Rio. Na Emmanuel Wanyonyi aliposhinda Paris mwaka 2024 kwa dakika 1 na sekunde 41.19, muda ule wa London ulikuwa bado haujafikiwa na mtu.

Sasa na tuangalie upande wa pili. Mwaka 2017, hata miaka 30 hajatimiza, msuli wa paja ulimkatalia, na baada ya mwezi wa Julai mwaka huo hakuonekana tena katika mashindano makubwa. Machi 2019 baba yake akafa. Agosti 2019 gari lake likagongana na basi karibu na Keroka, akatoka salama. Mei 2020, akitaraji kurejea, akakanyaga vibaya nyumbani kwake, kifundo cha mguu kikavunjika, akapasuliwa. Disemba 2022 akapanda ndege ndogo hapo Kajiado, injini ikazimika muda mfupi baada ya kuruka, ndege ikaanguka na kupinduka. Wote waliokuwamo wakatoka hai.

Na tuulizane kwa haki, ndugu zetu: lau huyu angalikuwa kijana wa mtaani kwetu, waganga wangapi wangalikuwa wameshaila nyumba ya baba yake? Paja lingalikuwa na mchawi wake, gari na mchawi wake, kifundo na mchawi wake, na ile ndege, hapana shaka, ingaliangushwa na shangazi.

Hapa twafika kwa beberu mweusi. Tumewasikiliza mara nyingi wachezaji wanaodai kuwa wamerogwa, na hoja yao ni moja: “Sikuguswa na mtu.” Walikuwa wakikimbia, wakageuka, goti likalia, wakaanguka, na hapakuwa na adui karibu. Walakini madaktari wa mifupa wanajua vizuri kuwa ile kano iliyo ndani ya goti, inayozuia mfupa wa muundi usichomoke mbele, hukatika hasa kwa namna hiyo. Mguu hukita ardhini, mwili hugeuka, na uzito wote hulemea kano nyembamba isiyozidi unene wa kidole. Mara nyingi hakuna mtu aliyemgusa. Hiyo ndiyo dasturi ya jeraha lile, wala si dalili ya uchawi. Hatukanushi kuwa husuda ipo; Mwenyezi Mungu ametufundisha kujikinga kwake na shari ya hasidi, na kinga hiyo haina ada. Lakini mtu mwenye kumtuhumu mwenziwe kwa jambo ambalo kila daktari wa viungo aweza kulieleza, amemzulia Muislamu mwenziwe, na amewavunjia udugu vijana waliokuwa wakicheza pamoja. Mama huyu tunamheshimu, na twajua kwamba ni mapenzi yanayomsukuma. Tunamwomba beberu yule amwache aishi, na zile elfu arobaini azipeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu goti lililopasuliwa lisipofanyishwa mazoezi kwa miezi mingi hukakamaa, na paja lake likakonda. Kijana huyo akilala mchana kutwa, goti lake analipoteza mara ya pili, na safari hii bila ya uwanja.

Tuje kwenye lile zito. Aanze wapi?

Turudi kwa Rudisha, kwani lipo jambo katika khabari yake ambalo watu hupita juu yake. Huko Kimana, kusini mwa Kajiado, karibu na Amboseli, vijana wa Kimaasai walikuwa wakionyesha ushujaa wao kwa kuua simba. Wazee wao, pamoja na jumuiya ya kuhifadhi wanyama iitwayo Big Life, wakaona kuwa ushujaa ule ubadilishiwe uwanja. Wakaweka michezo iitwayo Olimpiki ya Wamaasai: kurusha mkuki, kurusha rungu, mbio za mita 200, 800 na 5,000, na kuruka juu mpaka kichwa kiguse kamba. Michezo hiyo ilianza mwaka 2012, na Rudisha akawa mlezi wake. Mwaka 2012! Ndio mwaka ule ule wa London, alipokuwa juu kabisa, miguu mizima, dunia yote ikimwita jina. Na ile ndege ya 2022 ilianguka akiwa anatoka katika michezo hiyo hiyo, miaka mitano baada ya mbio zake za mwisho. Alikuwa amepata kazi ya pili kabla hajaipoteza ya kwanza. Uwanja ulipomfungia, palikuwapo mahali pengine ambapo uso wake ulikuwa unahitajika, na kitu anachokijua kuliko watu wengine kilikuwa bado kina wa kukifundisha.

Najua baba atasema, “Mwanangu hakuwa na cha pili.” Ni kweli, vijana wetu wengi hawana. Na sasa hivi yule kijana anajipiga kwa neno la lau: lau nisingalicheza siku ile, lau ningalipumzika. Bwana Mtume ametukataza neno hilo baada ya jambo kupita, kwani ni mlango wa Shetani. Na katika mafundisho yale yale ametuamrisha kukazania lenye kutufaa. Watu hulishika la kwanza wakaliacha la pili, wakadhani kuwa subira ni kukaa.

Yuko Henry Wanyoike wa Kikuyu, mji usio mbali na huko Nkoroi. Mwaka 1995 alikuwa kijana mkimbiaji wa kutumainiwa. Akalala anaona, akaamka haoni, maradhi ya kiharusi yamemchukulia karibu nuru yote ya macho yake. Akakaa katika giza na huzuni kwa muda. Kisha akajifunza ufumaji wa masweta, kazi ya mikono ya asiyeona, na kwa hiyo akarudi kuwa mtu mwenye la kufanya asubuhi. Mbio zilimrudia baadaye. Sydney mwaka 2000 alishinda mita 5,000 za wasioona, na kiongozi wake, aliyekuwa dhaifu kwa malaria, akaishiwa nguvu njiani, ikawa kipofu ndiye anayemburura mwenye macho mpaka mwisho. Hatumwahidi kijana wa Nkoroi medali. Twamwonyesha yale masweta.

Kwa hivyo, ewe mwanetu, tunasema nawe moja kwa moja. Ibada ulizokuwa ukizifanya ulipokuwa mzima na sasa umezuiwa na maradhi, unaandikiwa thawabu zake kamili. Hivi ndivyo tulivyofundishwa katika hadithi iliyo sahihi. Ukishindwa kusimama sali umekaa, na Ijumaa nenda na fimbo yako. Sahaba Talha bin Ubaidillah mkono wake ulipooza siku ya Uhud akimkinga Bwana Mtume, na Sayyidna Umar alipokuwa akifa alimtaja miongoni mwa watu sita wa kushauriana juu ya umma. Hawakumhesabia mkono. Wewe macho yako yanaona uwanja kama wachache wanavyouona. Wako watoto hapo Nkoroi wanaocheza bila ya kufundishwa kutua kwa goti lililokunjwa, na unaweza kuanza nao ukiwa umekaa juu ya kiti. Mafunzo ya ukocha na ya urefa yapo, na cherehani, umeme na hesabu pia zipo.

Yaliyobakia si ya kijana wala ya babake. Ni yetu sote. Twapenda miguu ya vijana hawa. Jumapili tunajaa viwanjani, tunawabeba juu juu wakifunga bao, na timu zetu huchukua kiingilio cha mlangoni. Lakini akivunjika, huchangiwa nauli ya kwenda hospitali mara moja, kisha jina lake hufutwa. Harusi zetu hatushindwi kuzichangia. Na itambulikane kuwa mchezaji aliyeumia akawa fakiri, au akabeba deni la upasuaji, ni mwenye haki katika zaka, wala si ombaomba.

Viongozi wa timu tunawaomba jambo moja tu: katika kila kiingilio kitengwe kidogo, kiandikwe daftarini mbele ya mashahidi, kiwe cha matibabu na cha kumfundisha kazi aliyeumia. Watakaopenda kulizungumza watatukuta darsani Jumapili baada ya Magharibi. Na ndugu yetu wa Nkoroi akija pwani likizoni, aje na kijana. Pana ngazi tatu tu za kupanda, na tutamshika mkono.