Mpeni Mwimbaji Jina Lake

Wapendwa wa Nchelenge na Kashikishi, wa Mantapala na wa visiwani, ninyi mliozaliwa ufukweni hapa na ninyi mliokimbia vita vya Katanga mkaja na mafurushi kichwani: leo nasema na wanakwaya. Wavuvi na wachuuzi nao wasikilize, maana hakuna msiba wala harusi isiyoimbiwa.

Kuna kitu kimeingia makanisani mwetu na hatujakisemea. Kijana anafungua programu kwenye simu, anaandika mistari mitatu: wimbo wa kumsifu Bwana, Kiswahili, mdundo wa rumba, sauti za kina mama. Kabla maji ya chai hayajachemka, wimbo umetoka. Gitaa limo, besi imo, sauti nne zimepangwa, hakuna aliyekohoa. Jumapili anachomeka waya kwenye spika, kwaya inasimama na sare mpya, midomo inafunguka na kufumba. Vigelegele vinapasua bati. Mchungaji anasimama na kusema kijana huyu ana kipawa.

Kipawa gani, mchungaji wangu?

Msinielewe vibaya. Sikuja kuilaani simu, na wale wazee wanaosema mashine ni za shetani nawaambia waache. Gitaa lenyewe si la asili yetu, na babu zetu hawakulikimbia lilipofika. Asiye na fedha ya kulinunua alijichongea banjo: ubao ukawa shingo, kopo la mafuta ya kupikia likawa tumbo, waya wa breki ya baiskeli ukafumuliwa uzi mmoja mmoja ukawa nyuzi. Vidole vilichubuka hadi vikaota sugu. Kwa banjo za namna hiyo muziki wa kalindula ulichezesha Luapula nzima. Chombo kipya hakijawahi kuwa dhambi.

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Bwana anataka hema lake lijengwe. Je, anamwambia Musa atafute fundi yeyote? La! Anamtaja mtu: Bezaleli. Anamtaja baba yake, Uri, na babu yake, Huri, na kabila lake, Yuda. Msaidizi wake naye hakuachwa hivi hivi: ni Oholiabu, mwana wa Ahisamaki, wa kabila la Dani. Mungu aliyeumba nyota anataja ukoo wa mchonga mbao! Sasa rukeni hadi sura ya 35, mwone neno ambalo sisi wahubiri tunalipita mbio. Pamoja na ustadi wa dhahabu, wa shaba, wa kuchonga na wa kufuma, Bwana alitia moyoni mwao kufundisha. Kipawa kilikuja kikiwa na deni la wanafunzi.

Basi iulizeni ile programu: wewe umefundishwa na nani? Walimu inao, tena wengi kupita hesabu. Ila haiwezi kukutajia hata mmoja. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki ziliwashtaki Suno na Udio, wenye programu za namna hiyo, katika mahakama za Marekani, zikidai nyimbo zao zimenakiliwa bila ruhusa ili kuifundisha mashine. Suno haikukana kwamba ilitumia rekodi zilizopatikana wazi kwenye intaneti, makumi ya mamilioni. Ilidai tu kuwa sheria inaruhusu. Mwaka 2025 baadhi ya kampuni hizo zikapatana nao na kutia saini mikataba. Heri yao, wana mawakili. Lakini nani wa Likasi, nani wa Pweto, nani wa Kashikishi aliyeitwa kwenye meza ile? Mimi sijamsikia.

Linganisheni na mashine ya zamani. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alifika Jadotville, ambayo leo ndiyo Likasi, akiwa na mashine ya kunasa sauti. Akamkuta kijana wa Bunkeya anayepiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, kana kwamba watu wawili wameketi ndani yake. Akanasa "Masanga". Santuri ilisafiri Nairobi, ikasafiri Ulaya, wapiga gitaa wakaikalia usiku kucha wakijaribu kuiga vidole vile, na kila ilipofika ilibeba jina: Mwenda, Jean-Bosco Mwenda. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari, hapa hapa Zambia, na hata leo anayejifunza mtindo ule anajua anamwiga nani. Sisemi mashine za zamani zilikuwa za haki. Wanamuziki wetu wangapi walikufa maskini ilhali nyimbo zao zinapigwa redioni! Hata hivyo, mashine ile ilichukua wimbo pamoja na mwenyewe. Hii ya leo inachukua wimbo na kumtupa mwenyewe njiani.

Nendeni Mwansabombwe mwishoni mwa Julai, kwenye sherehe ya Umutomboko. Kabla Mwata Kazembe hajainua shoka na upanga wake kucheza, ngoma na waimba sifa wanawataja waliotangulia. Mchezo wenyewe ni urithi, na urithi una wenyewe. Hapo hakuna mtoto anayedhani kipawa huanguka kutoka hewani.

Lakini ninyi vijana mmeshikwa na namba. Watazamaji elfu, watazamaji elfu tano! Mnajua uvuvi wa chisense usiku: unawasha taa, dagaa wanakusanyika wenyewe. Je, wamekuja kwa sababu wanakupenda? Siku mama yako akifiwa, hao elfu tano hawatakesha nawe. Atakesha yule mama wa kwaya mwenye sauti inayokwaruza, anayejua wimbo uanze chini au juu kwa kuutazama uso wa mfiwa. Hiyo ndiyo sanaa! Ile simu haijawahi kumtazama mfiwa.

Nanyi wazee, msijifiche nyuma ya maneno yangu. Mnalalamika vijana hawajui kitu, na banjo mmezitundika ukutani hamtaki ziguswe. Mmemnyima Oholiabu. Kamati za kanisa ndizo zinanisikitisha zaidi: fedha za spika zinapatikana, fedha za jenereta zinapatikana, ila mwalimu wa kwaya anaambiwa thawabu yake iko mbinguni. Mlipeni hapa!

Ziwa letu litafungwa kwa uvuvi tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Nyavu zitakuwa zimeanikwa, mikono itakuwa mitupu. Kila kwaya ichague vijana wawili, iwapeleke kwa mzee mmoja anayejua kupiga, wakae naye hadi nyuzi ziwakubali. Kisha itoeni simu, maana sasa itakuwa na kazi ya heshima. Naseni wimbo. Mwanzoni mwa rekodi mzee aseme mwenyewe jina lake, la baba yake, kijiji chake, na aliyemfundisha. Mwombeni ruhusa kabla ya kuurusha popote, na akisema wimbo huu ni wa msibani tu, ubaki msibani. Na akiomba sukari na sabuni kabla ya kuimba, mpeni kwanza, ndipo muwashe simu.