Rufani Si Uasi

Somo letu: Matendo ya Mitume, sura ya 24 na 25.

Tangu vita ilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na tena Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi wetu tumeacha mashamba. Njaa ikizidi, wako wanaoshawishiwa kupanda suruma, yaani bangi. Hatutaitetea. Ni kosa, na sheria namba 3 ya mwaka 1997 ilikwisha kulikataza.

Lakini ndugu akihukumiwa, tunasikia: "Basi, imekwisha. Kukata rufani ni kushindana na mamlaka iliyowekwa na Mungu."

Sivyo. Paulo mbele ya Festo alisema kwamba kama ametenda linalostahili kifo, hakatai kufa. Papo hapo akataka rufani kwa Kaisari. Paulo alikuwa bado hajahukumiwa, lakini fundisho ni lile lile: anayekata rufani haikimbii sheria, anaiomba itimizwe. Je, shamba lilikuwa lake, au alilikimbia na mwingine akalilima? Je, alielewa Kireno cha mahakamani, au hakuwa na mkalimani? Je, adhabu inalingana na kosa? Hata aliyekiri anaweza kuuliza hilo la mwisho.

Kumbukeni pia Feliki. Alimweka Paulo kifungoni miaka miwili akitumaini kupewa fedha. Paulo hakutoa. Basi nasi tusiuze mahindi ya watoto kumpa mtu anayejidai kwamba anamjua hakimu.

Tufanye nini? Siku za rufani ni chache. Tuulize siku ile ile ya hukumu. Asiye na uwezo aende IPAJ, ofisi ya serikali inayowatetea maskini, kwa kuwa Katiba ya 2004 inampa mshtakiwa haki ya kutetewa. Kesi iliyohukumiwa na mahakama ya mkoa, Pemba, rufani yake huenda Nampula. Kama karatasi ziliungua vitani, tuseme mapema.

Tena tusimwonee haya mfungwa. Onesiforo alimtafuta Paulo Rumi mpaka akampata, wala hakuionea aibu minyororo yake. Mke wa mfungwa na watoto wake wako kati yetu. Wasikose unga wala salamu.

Bwana, mwamuzi wa haki, awakumbuke walio vifungoni. Amina.