Taa Inawaka: Je, Kazi Ni Nzuri?



Leo tunataka kuongea juu ya kitu kidogo kinachofungwa ukutani, nyuma ya mlango au barazani, ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka siku giza linapoingia. Ni kofre ya umeme. Ndani yake mna dijonktere, au katika nyumba za zamani fizibo, zinazogawa umeme kwa vyumba na kuukata wakati wa hatari. Swali letu ni hili: fundi akiisha kufunga kifuniko na taa zikawaka, je, kazi imekwisha? Na kama nyuma ya kifuniko kuna ubovu ambao mwenye nyumba hawezi kuuona, kosa ni la nani?

Umeme wa nchi yetu husafiri mbali. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982, na nyaya kubwa zinazotoka Inga mpaka Kolwezi hupita karibu kilometa 1,700. Watu wengi wenye elimu walipima na kuhesabu kazi hiyo. Lakini zile mita chache za mwisho, kutoka kontere mpaka prizi ya chumba cha watoto, zimo mikononi mwa mtu mmoja mwenye bisibisi, na mara nyingi hakuna anayemsimamia. Hapo ndipo dhamiri hupimwa.

Wengi husema: “Taa inawaka, basi kazi ni nzuri.” Ndugu, taa si shahidi wa kutosha. Taa itawaka hata kama skrubu imelegea. Itawaka hata kama waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, umekunjwa na kuachwa bila kufungwa popote. Kofre haikuwekwa kwa ajili ya siku njema. Iliwekwa kwa ajili ya siku ile waya unapochubuka, frigo inapovujisha umeme, au mtoto anapoingiza msumari katika prizi. Uzuri wa kazi hiyo huonekana siku ya hatari, na siku hiyo fundi amekwisha kwenda zake.

Tueleze kidogo jinsi ubovu unavyofanya kazi. Skrubu ikilegea, umeme hupita kwa taabu mahali pale na kuleta joto. Resho na pasi zikivuta pamoja ampere 20, na kiungo kibovu kikaleta uzuio wa ohm nusu tu, joto la wati 200 litazaliwa katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole. Ni kama kufungia taa mbili za wati 100 ndani ya kofre. Dijonktere haitajua neno, kwa sababu umeme haukupita kipimo chake. Plastiki itaungua polepole, mpaka moto.

Tena, dijonktere ya kawaida hulinda waya, hailindi mtu. Umeme wa miliampere 30 tu ukipita kifuani waweza kuhatarisha moyo; lakini dijonktere ya ampere 16 huruhusu zaidi ya mara 500 ya kipimo hicho bila kukata. Kinacholinda mtu ni waya mzuri wa ardhi pamoja na ile dijonktere inayoitwa diferansiyeli. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi, na ukipotea kidogo njiani hukata mara moja.

Basi, dalili za kazi mbaya ni zipi? Tumia pua, masikio na macho, usitumie mkono.

1. Harufu ya plastiki iliyoungua, au alama ya rangi ya kahawia juu ya kofre.

2. Sauti ya kuvuma au kutatarika, hasa wakati resho inawaka.

3. Matundu yaliyoachwa wazi, ambamo mjusi, mende au kidole cha mtoto chaweza kuingia.

4. Hakuna maandishi ya kuonyesha dijonktere ipi ni ya chumba kipi.

5. Fizibo iliyoondolewa, na mahali pake pamewekwa kipande cha waya au msumari.

6. Dijonktere iliyokuwa ikijikata mara kwa mara, fundi akaibadili kwa kubwa zaidi na kusema amemaliza tatizo. Waya wa milimeta za mraba 1.5, ule wa taa, hustahili ampere 10, au 16 kwa wingi. Ukiupa dijonktere ya 40, waya utaungua kwanza, na dijonktere itabaki inatazama.

7. Diferansiyeli ambayo ukibonyeza kitufe chake cha kujaribu wakati umeme upo, haijikati.

Yaliyo ndani ya kifuniko mwachie fundi mwingine unayemwamini, akiisha kukata umeme wote na kupima kwamba umekatika kweli. Asitegemee kwamba mtaa umekatiwa, kwa maana umeme hurudi bila kubisha hodi. Yeye ataangalia skrubu zilizolegea, shaba iliyobaki uchi, ganda la waya lililobanwa pamoja na shaba, na nyaya mbili za unene mbalimbali zilizosukumwa katika tundu moja.

Sasa turudi kwa swali. Fundi atajibu: “Mwenye nyumba alinilipa franga kidogo.” Tunajua njaa ya mafundi wetu, na wako wengi ambao kazi yao hailipwi inavyostahili. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kazi ndogo si kazi ya uongo. Kwa malipo kidogo unaweza kuweka prizi mbili badala ya sita, na kumwambia mwenyewe wazi: “Hii haitoshi kwa resho.” Hiyo ni haki. Lakini kuacha waya wa ardhi bila kuufunga, kisha kufunga kifuniko kana kwamba umefungwa, ni kumwambia mtu kwamba yuko salama hali unajua hayuko. Kifuniko kimesema uongo kwa niaba yako. Na tena, kukaza skrubu hakuna bei. Kuandika majina ya vyumba hakuna bei. Ubovu mwingi wa kofre hautoki katika umaskini.

Mwenye nyumba naye asijitoe. Anayepunguza bei mpaka fundi hawezi kununua waya ulio sawa, ameshiriki. Zaidi ya hayo, anayepangisha vyumba katika lupango wake amefanya mapatano na fundi juu ya maisha ya watu wasiokuwako. Mpangaji hakuulizwa. Mtoto wake hakuulizwa. Wawili walikubaliana bei, na wa tatu atalipa.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimtaka mwenye kujenga nyumba azungushe kizuizi juu ya paa, kwa sababu watu walikuwa wakipanda huko. Tuangalie vizuri: sheria haikungoja mtu aanguke. Deni lilianza siku ya kujenga.

Na fundi anayefungua kofre na kukuta kazi mbaya ya mwenzake, afanyeje? Wengine hunyamaza ili wasimwaibishe ndugu wa kazi. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Si lazima kumtukana aliyetangulia. Mwonyeshe mwenye nyumba ubovu, mweleze hatari yake, na kama hana franga leo, uondoe kwanza ule unaoua: ufunge waya wa ardhi, ukaze skrubu, urudishe dijonktere yenye kipimo cha waya. Mengine yatangoja.

Basi, wapendwa, tunaomba kila nyumba ifanye jambo moja wiki hii. Simameni mbele ya kofre yenu, mnuse, msikilize, mtazame. Wenye diferansiyeli wabonyeze kitufe, na wafanye hivyo kila mwezi. Mkikuta dalili hata moja, zimeni resho na pasi, kisha mwiteni fundi kabla ya jua kuchwa. Na ninyi mafundi, kabla ya kufunga kifuniko jiulizeni: je, ningekubali watoto wangu walale chini ya kofre hii? Kama jibu ni hapana, bisibisi isirudi mfukoni bado.