Mti Mmoja Jangwani



Kijana mmoja aliniuliza: "Frateri, kusali bila kuhisi chochote, si unafiki huo?" Nilimwelewa. Hata mimi kuna miezi napiga goti mbele ya Tabernakulo, ni kimya tu. Nikamsimulia habari za mti.

Katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, ulisimama mgunga mmoja, peke yake. Kwa zaidi ya kilomita 150 hakukuwa na mti mwingine. Ukitazama picha zake, ni mti wa kawaida tu. Ila mwishoni mwa miaka ya 1930 kilichimbwa kisima karibu nao, na mizizi yake ikakutwa imeshuka zaidi ya mita 30, ikifuata maji.

Mzizi hauoni maji, rafiki. Unashuka tu gizani. Sala kavu nayo ni hivyo: si unafiki, ni mzizi unashuka. Soma Yeremia 17:7-8 taratibu, utaona kwa nini mti wa namna hiyo hauogopi joto.

Lakini kuna jambo jingine. Misafara ya Watuareg ilipita hapo na ngamia wenye njaa, na watu waliohitaji kuni za chai. Inasimuliwa kwamba hakuna aliyethubutu kuvunja tawi. Kisha mwaka 1973 dereva wa lori akaugonga, ukaanguka. Jangwa lote lile! Mabaki yake yako makumbusho ya taifa, Niamey. Pale uliposimama, pakawekwa mti wa chuma.

Habari hii inanichoma. Kabla sijaingia seminari, rafiki yangu wa kwaya alianza kusali Rozari kwenye daladala. Nikamtania mbele za watu: "Mtakatifu wetu huyo!" Wakacheka. Ile Rozari sikuiona tena mkononi mwake, na baadaye hata kwaya akaacha. Imani yake ilikuwa inashusha mizizi, nami nikapita na lori. Nimeungama, na nimemwomba msamaha. Bado namwombea.

Basi wiki hii tufanye mawili. Dakika kumi za sala kila siku, uhisi usihisi. Na yule mwenzako anayejaribu kumfuata Kristo peke yake, bwenini au kazini, usimvunje tawi. Kaa naye kivulini.

Bwana, tushushie mizizi, na utulinde tusiangushe wengine. Amina.