Fidia Haisafishi Kifaa

Septemba 2023 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba baadhi ya saa zake mpya za mkononi haziongezi hewa ya ukaa duniani. Ilisema imepunguza hewa hiyo kwa zaidi ya robo tatu, na iliyobaki imeifidia kwa kulipia miradi ya misitu na mazingira. Agosti 2025 mahakama ya Frankfurt iliizuia kutumia tangazo hilo Ujerumani: sehemu ya fidia ilitegemea mikaratusi ya Paraguay, na robo tatu ya ardhi ya mradi ilikuwa imekodiwa hadi 2029 tu. Huko California walalamikaji walitaja Milima ya Chyulu, Kenya, wakidai kwamba msitu ulio ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1983 hauhitaji fedha ya saa ili usikatwe. Kampuni ilishikilia kwamba miradi yake ni ya kweli. Na hata mimi sioni ubaya wa kuwalipa askari wanyamapori wa Chyulu. Walipwe, tena vizuri. Ila swali haliishii kwenye hesabu ya miti.

Swali ni hili: je, wema uliotendwa hapa unafuta madhara yaliyotendwa kule, kwa mtu mwingine? Dini zetu zilikwishalijibu. Uislamu hutenga haki ya Mungu na haki za waja, na toba ya aliyemdhulumu mwenzake haitimii mpaka amrudishie chake au asamehewe. Na katika Injili, Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, ambaye angalau mti alikuwa ameshaupanda, hakuahidi kupanda mingine. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale wale aliowanyang'anya. Sasa tuitazame betri ya simu, ambayo ndani yake mna kobalti. Takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingi kutoka mkoa wa Lualaba. Pembezoni mwa mji wa Kolwezi, huko Lualaba, wachimbaji wadogo huteremka kwa kamba kwenye mashimo yasiyo na nguzo, wakapandisha mawe kwa magunia, vumbi likiwaingia mapafuni. Ukaa wa hewani unaweza kubishaniwa kwa tani. Lakini hakuna mkaratusi wa Paraguay unaomlipa mtu aliyefukiwa na shimo Kolwezi, na lebo ya kijani inayozungumzia hewa peke yake imemwacha nje ya hesabu.

Ataniambia mtu: basi hakuna kitu kisafi, hata jembe lina chuma kilichochimbwa, na simu imetuondolea redio, kamera, tochi na nauli ya kwenda benki. Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi tuzitupe. Faida hizo zote huja kifaa kikitumika, ilhali kwa simu sehemu kubwa ya ukaa, na madhara yote ya mgodini, hutokea kabla haijawashwa mara ya kwanza. Simu iliyodumu miaka sita imetoa faida ile ile bila kudai shimo la pili. Kwa hiyo mizani ya haki ni umri wa kifaa na urahisi wa kukitengeneza, na hapo fundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, ni shahidi bora kuliko tangazo: anapasha moto mgongo uliogundishwa kwa gundi, anauchokonoa taratibu kwa kadi ya plastiki, na mara nyingine kioo kinapasuka kabla hajaifikia betri. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji na waagizaji wa simu janja wahakikishe vipuri vikuu vinapatikana miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sheria hiyo haifiki Kariakoo. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yaidai hapa, na mnunuzi, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, aulize betri inabadilishwaje na kwa bei gani.